Mtoto ana pumu, sikoseli au kisukari na anataka kucheza? Anzia hapa

Kila muhula ukifunguliwa maswali ni yale yale. Mwalimu mwanangu ana pumu naomba asikimbie. Mwalimu huyu ana sikoseli, abaki darasani wenzake wakitoka. Mwingine anauliza kama mwenye kisukari anaruhusiwa mpira, mwingine anatuma voisi ndeefu kuhusu mtoto anayenenepa na hataki kutoka sebuleni. Mimi nafundisha michezo shule ya msingi hapa Moshi, sio daktari, ila watoto wa aina hii nimekaa nao uwanjani miaka mingi na manesi wa kliniki zao nawasumbua sana, kwa hiyo naandika yote sehemu moja, akiuliza mtu mtumie.

Jibu fupi ni kwamba wengi wao wanaruhusiwa, tena wao ndo wanahitaji zaidi. Mazoezi ni dawa, na dawa ina dozi, ina saa zake na ina siku ambazo haitolewi. Kosa letu ni kwamba barua ya "asishiriki michezo" tunaiandika fasta, lakini hamna anayekaa kupanga dozi, mtoto anakaa benchi mpaka darasa la saba, pumzi inazidi kuwa fupi alafu tunasema unaona, nilijua hawezi.

WHO mwaka 2020 walisema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za mwendo wa kumtoa jasho, na angalau siku 3 kwa wiki kuwe na kitu cha kukaza misuli na mifupa, mfano kuruka kamba. Humo humo wakataja na watoto wenye ulemavu. Na kwa wale wa "mwenye pumu hakimbii", Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu tangu akiwa binti mdogo na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake kwa wakati huo. Nadharia imeishia hapo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari la kliniki lenye maneno ya daktari kuhusu michezo. Sio ya mdomo, yaandikwe.
- Dawa yake ya dharura: pampu ya bluu (ile ya kufungua kifua haraka) kwa mwenye pumu, sukari au glukozi ya unga kwa mwenye kisukari. Angalia tarehe ya kuisha, na hakikisha pampu haijaisha dawa.
- Chupa ya maji ya lita 1, yake peke yake.
- Raba zinazomkaa vizuri. Kama hamna, pekupeku kwenye majani safi ni afadhali kuliko ndala, mana ndala ndo zinaangusha watoto. Ila mwenye kisukari avae viatu siku zote, kidonda cha mguu kwake sio kitu cha kuchezea.
- Sweta au trakisuti kwa Arusha na kwa miezi ya Juni mpaka Agosti hata huku Moshi.
- Simu yenye saa, na kadaftari kadogo na kalamu.
- Mtu mzima mmoja anayejua ugonjwa wa mtoto na anayejua cha kufanya. Akiwa dada wa kazi sawa, mfundishe.

1. Kwanza jua kama leo ni siku ya dozi

Mtoto hachezi akiwa na homa, akiwa ana maumivu ya sikoseli au ndo kwanza ametoka kulazwa, kifua kikiwa kinalia tangu asubuhi, akiwa anaharisha au anatapika, au kama sukari ilishuka vibaya ndani ya saa 24 zilizopita mpaka akazimia au ikabidi asaidiwe. Siku hiyo anapumzika, hamna mjadala, hata kama kuna mechi.

Kuna kundi moja ambalo halianzi kabisa bila kipimo cha moyo. Mtoto aliyewahi kuzimia katikati ya kukimbia, anayeshika kifua akikimbia, midomo inayobadilika rangi, aliyeambiwa ana tundu kwenye moyo au vali zimeharibika, au familia ambayo kijana mdogo alianguka akafa ghafla. Huyo apelekwe kwanza, hospitali ya Mawenzi hapa Moshi au Mount Meru ya Arusha wanaanza naye wao, wakiona inahitajika wanamwandikia rufaa hospitali ya KCMC. Sio kila mwenye shida ya moyo anakatazwa, wengi wanaruhusiwa kutembea na michezo mepesi, ila kiasi gani anasema daktari wa moyo, sio mimi na sio jirani.

2. Muulize daktari maswali haya matatu

Ukiuliza "anaweza kucheza?" utajibiwa "acheze kidogo kidogo" na mtarudi nyumbani mlivyokuja. Uliza hivi: mchezo gani haruhusiwi kabisa? Dawa gani atumie kabla na dakika ngapi kabla? Dalili gani nikiiona nimsimamishe? Aandike kwenye daftari, piga picha, mtumie mwalimu wa darasa.

3. Chagua mchezo anaoupenda na saa inayofaa

Usimwanzishie pushapu. Mtoto anacheza rede, kombolela, kuruka kamba, chandimu. Rede naipenda kuliko zote kwa watoto hawa: wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, akipigwa anatoka anakaa. Yani anakimbia kwa vipande vifupi na mapumziko yapo ndani ya mchezo wenyewe. Kifua cha mwenye pumu kinavumilia hivo kuliko kukimbia mfululizo, na mwenye sikoseli hafiki kwenye kuchoka kupita kiasi.

Saa nzuri ni kuanzia saa 10 jioni jua likipoa. Kwa mwenye pumu tatizo kubwa ni mchakamchaka. Julai, saa 12 na nusu asubuhi, ukungu umeshuka, hewa ya baridi inaingia kifuani moja kwa moja na mtoto anatakiwa akimbie huku anaimba kwa nguvu. Hapo simlaumu mzazi akiandika barua, ila aandike "asikimbie mchakamchaka wa baridi, michezo ya mchana ashiriki". Hiyo ndo barua ya maana. Januari na Februari adui ni vumbi, mwagia uwanja maji kama inawezekana au hamia kwenye majani. Na siku hizo usimpe ufagio.

4. Mwandae kulingana na ugonjwa wake

Soma kipande kinachokuhusu tu.

*Pumu.* Kama daktari ameandika pampu ya bluu kabla ya mchezo, kawaida ni mipulizo 2, dakika 10 mpaka 15 kabla. Na tafadhali sio kupuliza mdomoni moja kwa moja, dawa inaishia kwenye ulimi. Tumia spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Ukikosa hela ya spesa tengeneza ya chupa, Afrika Kusini walishaipima hospitalini kwa watoto ikafanya kazi. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, mana ukiifuta dawa inang'ang'ania kwenye plastiki. Kunja waya ufanane na mdomo wa pampu, pasha moto, toboa KITAKO cha chupa, pampu iingie kwa kubana bila kuacha nafasi. Mtoto anaweka midomo pale unaponyweaga maji. Tikisa pampu, puliza MARA MOJA, avute pumzi taratibu kama mara 5 bila kutoa chupa mdomoni. Subiri nusu dakika mpaka dakika nzima, tikisa tena, mpulizo wa pili. Wengi wanapuliza mbili kwa pamoja ili wawahi, dawa inapotea.

Siku ya baridi mfunge kitambaa chepesi puani na mdomoni, hewa inapata joto kabla ya kuingia.

*Kisukari* (ile ya watoto, ya kuchoma insulini). Pima kabla. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L) mpe kwanza kitu chenye wanga, ndizi mbivu moja inatosha, subiri dakika 15 upime tena. Ikiwa kati ya 5 na 15 anaweza kuanza, ila ile inayokaribia 5 usiiamini sana, kaa na ndizi karibu. Ikiwa juu ya 15 usimpeleke uwanjani ukidhani mazoezi yataishusha, pima ketoni (asidi zinazojaa mwilini insulini ikipungua), zikiwepo au mtoto anatapika na kuumwa tumbo ni hospitali, sio mpira. Mashine yako ikisoma namba za mamia gawanya kwa 18 upate hizi ninazosema.

Sindano ya kabla ya mchezo usichome paja kama anaenda kukimbia, mguu ukifanya kazi insulini inanyonywa haraka na sukari inaporomoka. Choma tumbo. Kupunguza yuniti za insulini siku ya michezo kunafanyika, lakini kwa kiwango alichoandika daktari wake, usikisie.

*Sikoseli* (selimundu). Maji, joto la mwili, na mapumziko. Anywe kabla hajaanza, na kila dakika 10 mpaka 15 asimame, akae kivulini, anywe tena hata kama hana kiu. Walimu wenzangu nawaomba kitu kimoja: watoto hawa figo zao hazishikilii maji vizuri, wanakojoa mara nyingi kweli, akiomba kwenda chooni aende, usimwambie subiri kengele. Asishindanishwe mbio za kumaliza nguvu zote. Jasho likimkaukia kwenye upepo ni shida, abadilishe fulana avae sweta palepale. Kama kliniki wamesema bandama limevimba, hamna mpira wa kugongana wala mieleka.

Maji ya baridi ya ghafla yanaamsha maumivu, kwa hiyo ile safari ya Materuni waende watoto wote, naye aende, ila kuoga chini ya maporomoko hapana, maji yale yanatoka mlimani. Na safari za shule za Mlima Kilimanjaro: getini Marangu apige picha na wenzake, ila kupanda mpaka kituo cha Mandara, mita kama 2,700, oksijeni inaanza kupungua, kwa mwenye sikoseli usisaini fomu bila daktari wake kukubali.

*Kifafa.* Anacheza karibu kila kitu. Kinachokatazwa ni vitu ambavyo akianguka kwa sekunde chache tu anakufa au anaumia vibaya: kuogelea bila mtu mzima wa kumshika majini, kupanda mti wa parachichi, baiskeli barabarani. Kwenye chemchemi ya Chemka maji ni ya uvuguvugu na watoto wanayapenda, lakini yana kina, aende na mtu anayejua kuogelea na macho yasitoke kwake. Dawa za asubuhi asiruke na asilale njaa.

*Mtindio wa ubongo na ulemavu wa viungo.* Dozi ni ile ile, umbo linabadilika. Kurusha mpira akiwa amekaa, kujivuta kwenye mkeka, kusimama ameshika meza huku anacheza, kuogelea kwa kushikwa. Mtaalamu wa fiziotherapia akupe mbili tatu za kufanya nyumbani kila siku, sio mara moja kwa mwezi mkienda kliniki.

*Uzito mkubwa.* Usimwambie anakimbia ili apungue. Cheza naye. Familia nzima itembee, na wewe baba unayecheka hapo nyuma ukiwemo.

5. Pasha mwili dakika 10

Kutembea, kutembea haraka, kukimbia polepole, kisha vipande vifupi vya kasi na kupumzika. Kwa mwenye pumu hii sio mapambo, kupasha vizuri kunapunguza kifua kubana baadaye. Mtoto anayetoka kwenye daladala akaingia mchezoni moja kwa moja ndo huyo utamsikia anakohoa.

6. Anza na dozi ndogo

Wiki ya kwanza dakika 10 mpaka 15, siku 3. Wiki inayofuata ongeza dakika 5. Zikiisha wiki mbili bila shida ongeza siku. Dakika 60 sio lazima zifuatane, kutembea kwenda shule dakika 15, rede mapumziko ya saa 4 asubuhi, jioni kamba, zinahesabika zote. Mtoto anayeishi Kibosho au Uru na kupanda kile kilima kila siku tayari ana nusu ya dozi bila kujua.

Kipimo cha nguvu: muulize kitu. Akiongea sentensi nzima lakini hawezi kuimba, hapo ndo penyewe. Akiimba, ni laini mno. Akijibu neno moja moja huku mabega yanapanda na kushuka, mpunguze.

7. Usimwache akimaliza

Hapa ndo wengi wanakosea, mchezo ukiisha na wao wanaondoka. Pumu ya mazoezi mara nyingi inabana zaidi dakika 5 mpaka 15 BAADA ya kusimama. Atembee polepole dakika 5, mkae naye kidogo, sikiliza. Mwenye kisukari sukari yake inaweza kushuka saa nyingi baadaye, usiku akiwa amelala. Siku aliyocheza sana mpime kabla ya kulala, ikiwa chini ya 7 mpe kitafunwa chenye wanga, na siku za mwanzo amka mara moja usiku wa manane umpime. Stripu za kupimia sukari ni ghali, najua, kama ni za kubana basi bana za siku ambazo hajacheza.

8. Andika

Tarehe, alicheza nini, dakika ngapi, alitumia dawa gani, ikawaje. Mistari miwili tu. Ukienda kliniki na hayo daktari anapanga dozi kwa ushahidi, sio kwa "anaendelea vizuri".

9. Malizana na shule

Nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Dawa ikae kwa mwalimu aliyepo uwanjani au mfukoni kwa mtoto kama ni mkubwa, SIO kabatini ofisini. Nimeshaona pampu imefungiwa kwenye droo na mwenye funguo yuko benki.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuacha dawa za kila siku kwa sababu "sasaivi anafanya mazoezi". Mazoezi yanaongezwa juu ya dawa, hayachukui nafasi yake. Kutumia pampu ya bluu kila siku kama pipi: akiihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki ukiacha ile ya kabla ya mchezo, pumu haijadhibitiwa, anatakiwa pampu ya kuzuia, rudi hospitali. Kumpa mwenye sukari iliyoshuka chokoleti au mkate, mafuta na wanga mzito vinachelewa, anataka sukari inayoingia haraka. Kumlazimisha mwenye sikoseli "ajikaze", akisema mguu unauma anaumwa, wewe huusikii. Na kumwadhibu mtoto kwa kumkimbiza raundi za uwanja, mtoto hatopenda kukimbia tena maishani.

Mambo yakiharibika

*Kifua kimebana katikati ya mchezo.* Simamisha, mkalishe wima, usimlaze. Pampu ya bluu kwa spesa mipulizo 4, mmoja mmoja. Subiri dakika chache, kama hajapata nafuu rudia huku mnatafuta usafiri. Akishindwa kuongea, midomo ikibadilika rangi au nyama za mbavuni zikiingia ndani, muondoke hapohapo na mnaendelea kupuliza njiani.

*Mwenye kisukari anatetemeka, ana jasho la baridi, amekuwa mkali ghafla au anaongea hovyo.* Hata kama hujapima, mpe sukari: vijiko 3 vya chai kwenye maji kidogo, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, ile ya zero haisaidii kitu. Pima baada ya dakika 15, kama bado chini ya 4 rudia. Amezimia? Usimmiminie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, hospitali.

*Mwenye sikoseli ameanza maumivu.* Maji, nguo za joto, dawa ya maumivu aliyoandikiwa, apumzike. Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, upande mmoja wa mwili kulegea, au homa kuanzia nyuzi 38, hayo hayasubiri asubuhi.

*Amepata degedege la kifafa uwanjani.* Ondoa mawe na watoto wenzake, weka sweta chini ya kichwa, angalia saa, mlaze ubavu. Usimbane, usiweke kijiko wala kidole mdomoni, kiberiti na kitunguu puani achaneni navyo. Likizidi dakika 5 au likirudi kabla hajazinduka, hospitali.

*Amekohoa usiku baada ya kucheza.* Rudisha dozi ya wiki iliyopita, hakikisha spesa inatumika na kupasha kunafanyika. Ikiendelea ni kliniki, usiishie kumkataza.

*Anasema amechoka kila siku.* Inawezekana dozi ni kubwa, inawezekana damu imepungua, apimwe. Inawezekana pia hapendi huo mchezo.

*Wenzake wanamcheka akipuliza pampu.* Ongea na mwalimu, darasa lielezwe mara moja bila kumsimamisha mtoto mbele. Kwangu wakishajua ni dawa wanapigania nani ambebee.

*Bibi anasema mtoto mgonjwa hakimbizwi.* Usibishane naye. Nenda naye kliniki siku moja asikie kwa daktari mwenyewe, mana maneno ya koti jeupe yanamwingia kuliko yako.

*Mvua za masika, hamna pa kuchezea.* Kamba barazani, muziki kwenye simu acheze, ngazi kama mna ghorofa. Rede ya sebuleni kwa mpira wa soksi inawezekana, toa tu vyombo.

*Naweza kumwandikisha zile kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon?* Mwenye pumu au kisukari aliyefika dakika 45 za kucheza bila shida kwa miezi miwili, ndio, mtembee na kukimbia kwa zamu. Mwenye sikoseli muulize daktari kwanza, mana jua la Moshi mwisho wa Februari sio mchezo. Na pampu au sukari iwe mfukoni kwako, sio kwenye gari uliloliacha kule Ushirika.